Kabla Maji Hayajakauka

Katika mji ule hapakuwa na kioo hata kimoja, na wenyewe waliona fahari kwa jambo hilo kama watu wa miji mingine wanavyoona fahari kwa soko kubwa au mto wenye samaki. Walipikia vyungu, kwa sababu sufuria hung'aa. Maji ya kunywa waliyaweka katika mitungi ya shingo nyembamba, asije mtu akainama akajikuta. Mvua ikinyesha walitoka wote, wakubwa kwa wadogo, wakayakanyaga madimbwi kwa makusudi ili yavurugike kabla hayajatulia, na mgeni angedhani wanacheza. Ukiwauliza sababu, wangekujibu kwamba mtu akijiona mwenyewe atajidanganya, na uongo wa mtu juu ya nafsi yake hauna mwisho. Hapo sidhani kama walikosea sana. Walikosea katika dawa waliyoichagua.

Dawa yenyewe ilikuwa mtaja nyuso. Kila mtu akitimiza miaka kumi na minane alipelekwa mbele ya mtaja akakalishwa kigodani. Mtaja alifungwa kitambaa machoni, akanawa mikono kwa maji yaliyolowekwa mrehani, na bila kujifuta akaupapasa uso wa mtu yule, kisha akautaja. Akisema uso huu ni mpole, ulikuwa mpole. Akisema uso huu una hila, majirani walianza kufunga milango yao mapema. Lakini neno halikuwa neno mpaka maji yakauke mikononi mwa mtaja. Kabla ya hapo angeweza kulirudisha kinywani mwake na pasiwe na lawama. Yakikauka, mnadi aliyekuwa akingoja mlangoni alipiga ngoma na kulitangaza, na tangu hapo mji mzima uliuona uso ule kama ulivyotajwa. Usifikiri waliigiza. Waliuona hivyo kweli, kwa macho yao, mchana kweupe. Wahenga wamesema mwenye macho haambiwi tazama. Watu wa mji ule walikuwa na macho ya kutosha, na bado waliambiwa.

Mtaja wa wakati huo aliitwa Mize. Alikuwa ameishika kazi hiyo miaka ishirini na mitatu, ingawa hesabu ya miaka katika mji ule ni jambo la kuliendea polepole. Jua lao lilikuwa na tabia ya kukawia utosini. Adhuhuri moja iliweza kumeza msimu mzima. Watu walikula, wakalala, wakaamka, wakaoana, wakaachana, na vivuli vyao bado viko chini ya nyayo. Kwa Mize miaka yote ile ilikuwa mchana mmoja mrefu, na mwanzoni mwa mchana huo, kigodani, alikuwa amekaa pacha wake, Tunu.

Uso wa Mize mwenyewe ulikuwa umetajwa na bibi yao, Bi Shekue, mtaja wa kabla yake: uso wa kupoza macho. Kwa hiyo watu walikuja kupoza macho. Waliolemewa na dunia walipita mlangoni pake wakamtazama kidogo, wakaenda zao wamepata nguvu. Kina mama walimwinulia watoto wenye homa. Ila sheria ya kazi ilikuwa moja na ngumu. Mikono ya mtaja haigusi uso wa mtaja. Mize aliosha uso kwa dodoki lililofungwa kwenye kijiti, na nzi akimtua puani alimpuliza tu akingoja huruma ya nzi. Nyuso elfu na zaidi zilikuwa zimepita viganjani mwake. Wake tu ndio aliousikia kwa watu.

Na Bi Shekue alikuwa amekwisha kufa, ila hakuwa ameondoka. Kitambaa cha kufungia macho kilikuwa chake, na kila Mize alipokifunga alisikia pumzi ya bibi ikipita katika uzi, yenye harufu ya karafuu na jino bovu. Na pumzi ile ilisema neno lilelile ililolisema kila siku. Taja kile vidole vinachokipata kwanza. Cha pili kimeletwa na akili, na akili ni mwongo.

Vidole vinachokipata kwanza. Sasa, vidole hupata nini kwanza? Mize alikuwa amelitafuna swali hilo mpaka likapoteza ladha. Nywele zinazomsimama mtu mbele ya nyoka ndizo zinazomsimama anaposikia sauti tamu ikipanda pale asipotegemea ipande. Moyo hupiga vilevile. Magoti hulegea vilevile. Mwili hauna milango miwili, mmoja wa hofu na mmoja wa uzuri. Wote huingilia palepale, na wenyeji wa ndani husimama kwa pamoja bila kujua wamemsimamia nani. Ulimi huja baadaye, umechelewa kama mgeni wa harusi aliyekuta pilau imekwisha, na huyo aliyechelewa ndiye anayeamua kilichoingia kiitwe nini.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Tunu.

Siku hiyo mapacha wote wawili walitimiza umri. Bi Shekue alimtaja Mize kwanza, kisha, kwa kuwa alikuwa akitafuta wa kumrithi, akamvisha kitambaa na kumwambia amtaje pacha wake, tumwone. Mize alinawa. Aliunyosha mkono, na vidole vilipogusa uso wa Tunu kitu kikapanda kutoka kuchani hadi kisogoni, nywele zikasisimka, akaona baridi tumboni. Akasema kile alichokipata kwanza. Alisema, "Uso huu unatisha."

Papo hapo akajua. Vidole vilikuwa bado usoni pa Tunu na sasa vilikuwa vikipata cha pili, na cha pili kilikuwa uzuri. Uzuri ambao mtu hawezi kuushika bila kutetemeka, na ule mtetemeko ndio alioutaja. Wakati alikuwa nao. Maji ya mrehani yalikuwa bado yakimchuruzika hadi viwikoni. Tunu alikaa akingoja, kwa sababu alimwamini. Na Mize akafikiri kwamba akilirudisha neno la kwanza la maisha yake, kitambaa kitavuliwa kwake na kupewa mwingine. Hilo aliweza kujisamehe. Lakini chini yake lilikuwako wazo jingine, dogo, lililojikunja kama jongoo: kwamba yeye ametajiwa kupoza macho, na sasa patakuwa na uso mwingine katika nyumba hiyohiyo unaomzidi.

Akanyamaza. Maji yakakauka. Ngoma ikalia, na mama yao mzazi, aliyekuwa amesimama mlangoni na sahani ya halua, akamtazama Tunu na sahani ikamponyoka.

Wenye nyuso za kutisha waliishi nje ya ukuta, kwenye matanuri ya chokaa, wamejifunika kaniki kutoka utosini. Walichoma mawe na kuuza chokaa kupitia tundu la ukuta, na mji ulijipaka weupe kwa jasho la watu usiothubutu kuwaangalia. Walipokufa walizikwa kifudifudi, nyuso zikielekea chini, isije mbingu ikashtuka. Wazikaji hawakuwagusa, waliwasukuma kwa miti mirefu mpaka wakageuka. Tangu Tunu alipotolewa mjini Mize hakuwahi kufika tunduni. Akihitaji chokaa alimtuma mtu.

Adhuhuri hiyo ninayoisimulia, Mize alikuwa amekaa na kitambaa machoni akingoja msichana aliyepangiwa kutajwa. Bwanakame, mnadi, mzee mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, alikuwa nje akikaza ngozi ya ngoma. Mlango ukafunguliwa taratibu. Harufu ya chokaa ikaingia kwanza, kali, ya kuwasha koo. Kisha, chini ya chokaa, ikaja harufu nyingine ambayo Mize hakuwa ameinusa tangu walipokuwa wakilala mkeka mmoja: nywele zilizopakwa mafuta ya nazi yaliyochemshwa na mchaichai. Hakuna mwingine aliyeyachemsha vile. Mama yao ndiye aliyeyazua, na alikuwa na mabinti wawili tu.

Mtu yule alikohoa kwa muda mrefu, akakaa kigodani.

"Usivue kitambaa, dada," alisema Tunu. "Nimekuja wakati huu makusudi, ukiwa umefungwa macho."

Mize alikuwa amejiandalia maneno mengi kwa siku ya namna hii, ya kutubu na ya kujitetea. Aliuliza tu amepitaje langoni. Tunu alijibu kwamba langoni hakuna anayemzuia mtu asiyeweza kumtazama. Walinzi waligeukia ukutani mpaka akapita. Alisema bila uchungu, kama mtu anayetaja bei ya vitunguu. Kisha akaeleza lililomleta. Kifua chake kilikuwa kimekwisha, chokaa imekijaa kama ilivyowajaa wote kule. Mganga wa matanurini amempa mwezi, na mwezi wa mji huu, kama dada anavyojua, unaweza kwisha leo.

"Sikuja kukusuta," alisema. "Ningekuja zamani. Nimekuja kwa sababu naogopa kusukumwa na mti. Nataka kulala chali, Mize. Nataka nizikwe na mtu asiyeniogopa, na nimewaza, nimewaza, sikumpata mtu. Kule sote tunaogopana, hata sisi kwa sisi. Tumeambiwa."

Mize alilipapasa bakuli la maji, akaiingiza mikono yake mpaka viwikoni, na bila kuomba ruhusa akaileta usoni pa pacha wake.

Baridi ile ikaja ileile. Kisogo, tumbo, magoti, vyote vikaamka kama jana. Lakini safari hii hakukimbilia ulimi. Aliiacha hofu isimame, ajue ni nani. Vidole vikashuka: nyusi, ya kushoto imepanda kidogo kuliko ya kulia, kama inayouliza, kibonyeo kidogo kando ya pua, mfupa wa shavu uliokonda kwa maradhi na bado umeshika heshima yake, midomo iliyopasuka kwa chokaa, na chini ya kidevu kovu la siku alipoangukia jiwe la kusagia wakiwa na miaka sita, naye Mize ndiye aliyemsukuma. Uso ulikuwa mzuri. Ulikuwa mzuri kwa namna iliyomfanya Mize atake kuinuka akimbie, na akaelewa kwamba kutaka kukimbia kulikuwa sehemu ya uzuri wenyewe, na kwamba kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa amewatajia watu kile tu alichoweza kukivumilia. Wapole, aliwaita. Wa wastani. Wa kupendeza. Nyuso elfu alizipunguza zimwenee kiganjani.

Ndipo Tunu alipoushika mkono wake wa kulia, mkono wenye maji, akauondoa taratibu na kuuweka usoni pa Mize mwenyewe.

Nyani haoni kundule, watu husema, na husema hivyo kumcheka nyani. Mize hakuwa amegusa hata paji lake tangu alipovishwa kitambaa. Alitaka kuutoa mkono, sheria ikapiga kelele mwilini mwake, lakini Tunu alikuwa ameukandamiza. Kushoto, uso wa Tunu. Kulia, wake. Nyusi ya kushoto imepanda kidogo. Kibonyeo kando ya pua. Mfupa uleule, midomo ileile. Mkono wa kulia ulikuwa ukiusomea wa kushoto habari ambayo wa kushoto ulikwisha kuijua. Kitu kimoja tu hakikuwepo, lile kovu, kwa sababu yeye hakusukumwa.

Sisi tuliozoea vioo tungesema, kwani mapacha si hufanana? Mji mzima ulijua kwamba wamezaliwa siku moja. Mji mzima ulikuwa na macho. Ulimtazama mmoja ukapoa, ukamtazama mwingine ukapiga yowe, na ilikuwa nyusi moja, pua moja.

Bibi, Mize aliuliza ndani ya kitambaa. Ulipata nini kwanza usoni pangu? Siku ile mikono yako ilikaa sana. Nakumbuka maji yalinitiririka shingoni, nakumbuka nilichoka kukaa. Ulitetemeka. Ulitetemeka, bibi, ukangoja cha pili. Uliivunja sheria yako kwa ajili yangu. Kisha ukanipa mimi sheria ile nzima, haijavunjika, nikaitumie kwa Tunu.

Karafuu. Jino bovu. Pumzi ilipita katika uzi na safari hii haikuwa na neno.

Mize akakivua kitambaa.

Tunu alikuwa amekwisha kuifunua kaniki, na Mize aliyekuwa bado na mkono kwenye shavu lile akapiga ukelele mdogo, akaubana. Macho yake yaliona kitisho. Yaliona kile alichokitaja yeye mwenyewe kwa kinywa chake: kitu kisichotazamika, kitu cha kugeukia ukutani. Vidole vilikuwa juu ya uzuri na macho yalikuwa juu ya kitisho, na vyote viwili vilikuwa mahali pamoja. Aliona aibu ambayo haijawahi kumpata mtu. Neno lake lilikuwa limewapofusha watu, na wa kwanza wao alikuwa yeye.

"Unaniogopa," Tunu alisema.

"Macho yangu yanaogopa," alisema Mize. "Mikono haiogopi."

Tunu akatabasamu, na Mize akalihisi tabasamu lile likisogea chini ya kiganja chake. "Basi inatosha. Kaburi halichimbwi kwa macho."

Angeweza kuishia hapo. Angeweza kungoja, kisha siku moja kutoka nje ya ukuta amejifunika, akamlaze pacha wake chali, akarudi kigodani pake kupoza macho ya watu. Tunu mwenyewe hakuomba zaidi. Alisema hakuja kutafuta ngoma. Lakini Mize alikuwa na deni la neno, na alitaka pacha wake atembee japo hatua kumi mjini akiwa na uso. Na tena, tuseme kweli, alikuwa bado na tamaa ya mtaja: aliamini neno lake linaweza lolote. Aliwaza kwamba akiuunganisha uso wa Tunu na wake, ule unaopoza macho ungeumwagikia ule mwingine, kama mafuta yanavyoenea. Kwa hiyo aliichovya mikono upya mpaka viwikoni, akamwita Bwanakame aingie na ngoma.

Mzee aliingia, akaona kaniki imefunuliwa, akageukia ukutani kwa haraka ya mtu aliyezoea. Mize akamwambia ageuke. Akaweka mkono mmoja usoni pa Tunu na mmoja usoni pake mwenyewe, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuona mtaja akilifanya, na akasema kwa sauti ya kazi, "Uso huu na uso huu ni uso mmoja."

Bwanakame aligeuka. Alimtazama Mize, yule ambaye kila asubuhi alimtazama kabla ya kupiga ngoma ya kwanza ili mkono usitetemeke. Mize aliyaona macho ya mzee yakifika usoni pake, yakakaa kama kawaida, na halafu, kwa kuwa mnadi huliona neno kabla ya ngoma, kitu kikahama ndani yake. Mdomo ukamlegea. Akarudi nyuma hatua moja, ya pili, ya tatu, mpaka kisigino chake kikagonga kizingiti. Hakumtazama Tunu hata kidogo. Alikuwa akimkimbia Mize.

Uzuri haukumwagika. Hofu ndiyo iliyovuka, kwa kuwa hofu ina miguu mingi.

Nje msichana aliyekuja kutajwa alikuwa akicheka na wenzake, asijue. Bwanakame alikuwa amefunika macho kwa kiganja, na sauti yake kubwa ilikuwa imebaki ndogo. Alisema kwamba maji hayajakauka.

"Rudisha neno, Bi Mize. Nakuomba, mama. Nina wajukuu watatu bado hawajatajwa. Nani atawataja? Rudisha, mimi sikusikia kitu, ngoma sijaigusa."

"Rudisha, dada," Tunu naye alisema polepole. "Mmoja anatosha. Mimi nimekwisha kupata nilichokifuata."

Mize aliitazama mikono yake. Matone yalikuwa yakishuka kutoka viwikoni yakidondoka sakafuni, moja, moja, na harufu ya mrehani ilikuwa imejaa chumba. Alifikiria kina mama na watoto wao wenye homa. Alifikiria kaniki, tundu la ukutani, miti mirefu. Aliogopa, na hofu hiyo ilikuwa hofu tupu, haikuwa na uzuri wowote ndani yake. Alitaka kulirudisha neno lile kwa kila kiungo cha mwili wake. Kinywa kilikuwa chake. Wakati alikuwa nao, kama alivyokuwa nao siku ile.

Akasogea mlangoni penye jua, Tunu ameshikamana naye, na Bwanakame akawapisha kwa kujibana ukutani. Wale wasichana wa nje wakaacha kucheka. Mize akainyosha mikono yake mbele, kwenye joto la ile adhuhuri isiyokwisha, akanyamaza.

Mkono wa kulia ulikauka kwanza. Wa kushoto ulichelewa kidogo, kwa sababu Tunu alikuwa ameushika.